Nani Aliyefunga Njia?

Tangu Oktoba 2025 neno "msaliti" limekuwa jepesi midomoni mwa watu. Hapa kwetu Singe, kata iliyomo ndani ya Mji wa Babati, nimelisikia kwenye vikao vya harusi, nimelisikia matangani, na nimelisikia kwenye foleni ya mashine ya kusaga. Wanaoitwa hivyo si wezi wa mali ya umma, wala si watu waliomwaga damu. Ni vijana wa kompyuta. Kosa lao ni kwamba wamekaa chini wakapiga hesabu, wakajiuliza kama wabaki nchini au waende kutafuta riziki Nairobi, Kigali, Ujerumani au Kanada.

Naandika kulipinga neno hilo. Silipingi kwa kuwa nafurahia vijana kuondoka. Nimefundisha hisabati katika shule za sekondari kwa miaka mingi, na hakuna mwalimu anayefurahi kuona aliowafundisha wakitawanyika. Nalipinga kwa sababu ni neno la uongo, na kwa sababu linamkinga mtu anayestahili kuulizwa.

Msomaji asiyeijua Babati atashangaa: vijana wa kompyuta huko wametoka wapi? Sisi tunajulikana kwa mahindi na mbaazi, kwa ziwa lenye viboko na kwa Mlima Kwaraa. Ni kweli. Lakini mikongo ya baharini ilifika Dar es Salaam, SEACOM mwaka 2009 na EASSy mwaka 2010, na Mkongo wa Taifa ukachimbiwa mitaro kando ya barabara zetu kuu. Tangu hapo mambo yakabadilika kimya kimya. Leo nyuma ya nyumba ya bati, jirani na banda la kuku, unaweza kukuta chumba chenye meza, kompyuta moja na betri ya akiba kwa ajili ya umeme unapokatika, na humo ndani binti wa miaka 26 anarekebisha programu ya mahesabu ya duka lililoko Kanada. Mwenye duka hajawahi kuisikia Singe. Anachojua ni kwamba akienda kulala kazi inaendelea, na akiamka iko tayari. Malipo yanakuja, binti anamlipia mdogo wake ada ya chuo, anamnunulia baba yake mbolea. Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Haina moshi wala king'ora, na nadhani ndiyo maana wazee wenzangu wengi hawaamini kwamba ni kazi.

Binti ninayemsema si wa kubuni katika hoja. Ni mtoto wa jirani yangu, na nilimfundisha kidato cha kwanza hadi cha nne.

Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima, ikakaa gizani takriban siku tano. Katika siku hizo watu waliandamana, Dar es Salaam iliwekewa amri ya kutotoka nje usiku, na watu waliuawa. Mwezi Novemba Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilisema inaaminika kwamba waliouawa ni mamia. Serikali nayo iliunda tume chini ya Jaji Mkuu mstaafu, Mohamed Chande Othman. Sipendi kulipita jambo hilo kama mtu apitaye mtaro. Mbele ya mama aliyempoteza mwanawe, mkataba wa kazi uliovunjika si kitu. Lakini mimi hapa nasema habari za walio hai, ambao kesho asubuhi wanatakiwa kula.

Kwa yule binti siku zile zilikwenda hivi. Siku ya kwanza alidhani ni hitilafu. Siku ya pili alikwea mpaka mahali palipoinuka, akizungusha simu hewani, wachunga mbuzi wakimcheka. Siku ya tatu alijua kwamba mteja wake amekwisha kuandika mara kadhaa kuuliza kulikoni, na yeye hana njia ya kujibu hata neno moja. Mtandao uliporudi alikuta barua saba. Ya kwanza ilikuwa ya kawaida. Ya tatu ilikuwa ya mtu mwenye wasiwasi, anauliza kama yu mzima. Ya saba ilikuwa ya kuaga, kwa heshima zote: kazi amepewa mtu mwingine, katika nchi nyingine.

Alikuja kwangu jioni ile. Hakulia.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia."

"Hawakunitukana, mwalimu. Wangenitukana ningepata la kujibu. Wamesema tu kwamba hawawezi kujua ni lini nitatoweka tena. Na mimi pia siwezi kujua."

"Sasa unafanyaje?"

"Nahesabu. Si ulitufundisha kuhesabu?"

Anahesabu, na hesabu yake haina kasoro. Oktoba 2020, siku za uchaguzi, Twitter ilibanwa. Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano iliagiza wote wanaotumia VPN wajitokeze na kujisajili. Mei 2025 mtandao wa X ulifungwa. Septemba 2025 JamiiForums ilisimamishiwa leseni kwa siku 90. Oktoba 2025 ikazimwa intaneti yote. Mpe mwanafunzi wa kidato cha pili mfululizo wa namba, atakutajia inayofuata. Mkulima huangalia mawingu kabla ya kupanda, nasi tunamwita mwerevu. Kijana anayeishi kwa mtandao huangalia matangazo ya mamlaka kabla ya kusaini mkataba, nasi tunamwita msaliti. Kwa nini?

Wanaomwita hivyo hupenda kumtaja Mwalimu Nyerere. Basi nami nitamtaja. Katika miaka ya 1960 Mwalimu alitoa mfano ambao mimi nimeusikia katika mahafali zisizohesabika. Kijiji chenye njaa kinampa mtu mmoja chakula chote kilichobaki, ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenzake chakula. Akishiba akatokomea, huyo ni msaliti. Mfano ni mzuri, na mimi nauamini hata leo. Lakini hao wanaounukuu huusoma nusu. Mtu yule alitumwa, tena alitumwa mbali. Kijiji kilijua kabisa kwamba chakula hakipo pale walipo. Katika mfano ule safari siyo usaliti. Usaliti ni kutorudisha.

Tena kuna hali ambayo mfano ule haukuigusa. Itakuwaje kama mtu yule tayari amekuwa akienda na kurudi, kila mwezi na gunia begani, kisha siku moja akute mzee wa kijiji ameangusha gogo kubwa katikati ya njia? Hayo ndiyo yaliyompata binti wa Singe. Yeye hakuwa ameondoka. Alikuwa analala kwa mama yake, anachota maji bombani pamoja na wenzake, anachangia misiba, na fedha ya Kanada inaliwa Singe. Serikali yoyote yenye akili ingeomba ipate vijana elfu kumi wa namna hiyo: hawadai ajira, hawadai nyumba, wanaleta fedha za kigeni bila kontena hata moja kupita bandarini. Njia yao ilikuwa ni uzi mmoja mwembamba, uliotandazwa kwa fedha za walipa kodi wa nchi hii. Uzi huo haukukatwa na mvua wala haukung'atwa na panya.

Kuna na hii ya "tumewasomesha". Neno hilo nalo tulichambue, maana limebeba mambo mawili yasiyofanana. Tuliosomesha ni akina nani? Shule za sekondari za kata, zilizomiminika kuanzia mwaka 2006, zilijengwa kwa michango na kwa migongo ya wananchi. Sisi tulisomba mawe, tukasomba mchanga, tukachangishwa fedha baada ya kuuza mahindi. Chuo kikuu kwa wengi wao kililipiwa na Bodi ya Mikopo, na mkopo ni mkopo: kwa sheria iliyorekebishwa mwaka 2016 mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake mpaka deni liishe. Kwa hiyo deni la serikali lina tarakimu, na siku ya mwisho ya kulipa ipo. Huwezi kumkata mtu asilimia 15 kila mwezi kisha ukamwambia kwamba ulimsomesha bure na kwa ajili hiyo wewe ni mmiliki wake.

Deni lisilo na tarakimu ni lile la waliosomba mawe. Hilo halimaliziki, nami simwondolei kijana yeyote. Lakini angalieni anayedai ni nani. Anayedai ni mama muuza mboga wa sokoni Babati, siyo ofisi iliyozima mtandao. Ofisi hiyo haiwezi kusimama mlangoni na daftari la madeni ya mama muuza mboga. Na deni hilo hulipika kutoka Singe, hulipika kutoka Nairobi, hulipika hata kutoka Toronto, mradi mdaiwa ana kazi. Asiye na kazi halilipi kutoka popote.

Nikiwa bado kwa Mwalimu, kuna jambo la mwaka 1966 ambalo wahubiri wetu wa uzalendo hawalisimulii mpaka mwisho. Mwezi Oktoba mwaka ule wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana kupinga mpango wa Jeshi la Kujenga Taifa, ambao ungewakata wahitimu sehemu ya mshahara wakati wa utumishi wao. Mwalimu alikasirika, akawarudisha nyumbani wanafunzi karibu 400. Sehemu hiyo wanaisimulia kwa furaha. Sehemu inayofuata ni kwamba alipunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, hapo hapo. Mnaweza kuona alikuwa mkali mno kwa wale vijana. Mimi naona hivyo. Lakini aliyewaambia wajinyime alianza na mfuko wake. Nimewasikiliza wanaowaambia vijana wa leo wavumilie. Nangoja nimwone mmoja atakayesema: nami nitakaa siku tano bila simu, bila gari la umma, bila posho, ili nijue mnachovumilia.

Methali nayo wanatupiga nayo. Mkataa kwao ni mtumwa. Haya, lakini nani kwanza amekataa kwao? Na hapa Singe ni nani wa kumrushia mwenzake methali hiyo? Wagorowa ndio waliotangulia katika nchi hii. Babu yangu alishuka kutoka Kainam, nyanda za juu za Mbulu, kama Wairaqw wengi, kwa sababu mashamba yalikuwa hayatoshi. Warangi walipanda kutoka upande wa Kondoa. Wabarbaig walifuata malisho, na baadaye wakafuata malisho tena walipopoteza ardhi kwa mashamba makubwa ya ngano ya Hanang. Wachaga walifuata biashara. Tukianza kuwaita watu wasaliti kwa kuhama, mji wa Babati utabaki na viboko wa ziwani peke yao.

Tena tunasahau yaliyotokea mwaka 2017. Mwezi Agosti mwaka ule serikali ya India iliweka ukomo wa tani 200,000 kwa mbaazi zinazoingia nchini kwake. Babati nzima ilikuwa imelima mbaazi kwa ajili ya soko hilo. Bei ikaporomoka, magunia yakalala ndani mpaka yakaingia wadudu. Msimu uliofuata wakulima wengi walizipa mbaazi mgongo. Sikumsikia mtu yeyote akiwaita wasaliti wa zao. Tulisema wamefanya la maana, soko limefungwa. Tofauti niionayo ni moja tu: mwaka 2017 aliyefunga soko alikuwa serikali ya watu wengine, ikiwalinda wakulima wake. Mwaka 2025 ilikuwa ya kwetu, na sijui ilikuwa inamlinda mkulima gani.

Wanaodhani nchi haipungukiwi kitu vijana wakiondoka wawaulize Wazanzibari. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 waliondoka watu wengi wenye elimu, makarani, walimu, wauguzi; siingii katika ubishi wa nani alikuwa na haki na nani hakuwa nayo. Wengine walihangaika miaka sita, saba, katika nchi za watu. Mwaka 1970 Sultani Qaboos alishika madaraka Oman, nchi iliyokuwa na shule tatu tu za serikali, akawaita Waomani waliokuwa nje warudi kujenga. Waliotoka Zanzibar walikuwa wamesoma, wanajua Kiingereza, wanajua kuendesha ofisi. Wakajaza wizara, shule, hospitali na kampuni ya mafuta. Mpaka leo Kiswahili kinasikika katika ofisi za Muscat. Elimu iliyolipiwa na karafuu za Unguja na Pemba ikaenda kupanga mafaili ya nchi nyingine. Hakuna aliyewaita wasaliti kule, waliwaita wataalamu.

Iko hoja moja ya upande wa pili ninayoiheshimu, na nitaisema kwa nguvu zake zote. Inasema: wakiondoka hao, nani atabaki kushika mitambo? Kila Mtanzania anaijua "kontroo namba". Ukilipa kodi ya ardhi, ukilipa ada ya leseni, unapewa namba. Mfumo ule wa malipo ya serikali, ulioanza mwaka 2017, uliandikwa na Watanzania, siyo na kampuni ya ng'ambo. Mfumo wa zabuni wa NeST, ulioanza mwaka 2023, vivyo hivyo. Hospitalini ukifika dirishani jina lako linaingizwa katika mfumo wa GoT-HoMIS, nao ni kazi ya mikono ya nyumbani. Mitambo hii haitengenezwi mara moja ikaisha. Ni kama paa la nyasi, kila msimu inataka mtu wa kupanda juu kuziba. Ofisi moja ikipoteza vijana watano wanaoujua mfumo mpaka kwenye mizizi, hasara hiyo mtaiona kwenye dirisha la hospitali, mgonjwa amekaa kwenye benchi na mhudumu anasema mfumo uko chini.

Nakubali hasara hiyo yote, wala siipunguzi. Ila niambieni, fundi wa paa anazuiliwa kwa matusi? Anayejua thamani ya fundi hamnyang'anyi ngazi kisha akamtukana kwa kutopanda. Kama kweli tunawahitaji kiasi hicho, basi swali la kuulizwa kwa sauti linamhusu aliyezima, na linataka jibu la sheria: kwamba hakuna ofisa atakayeweza kuizima intaneti ya nchi nzima bila amri ya mahakama, iliyotolewa hadharani, yenye siku ya kuanza na siku ya kwisha. Hilo nimelisikia likisemwa na watu wachache mno hapa kwetu, na wengi wao ni haohao wanaoitwa wasaliti.

Wapo pia waliobaki kwa ushujaa. Maxence Melo wa JamiiForums alikamatwa Desemba 2016, akazungushwa mahakamani kwa miaka kadhaa, na hakuhama. Namheshimu. Lakini ushujaa wa mtu mmoja haugeuzwi kuwa kodi ya kichwa ya kila kijana mwenye kompyuta. Binti wa jirani yangu hakuanzisha gazeti wala jukwaa. Anaandika programu za maduka.

Na asidhani mtu kwamba vijana hawa wanaota ndoto za peponi. Wanajua kuliko sisi. Wanajua kwamba Septemba 2025 Marekani ilitangaza ada ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya viza ya wataalamu, na kwamba Desemba mwaka huohuo iliitia Tanzania katika orodha ya nchi ambazo raia wake wamewekewa vizuizi vya kuingia. Wanajua kwamba Nairobi, ambako ni mwendo wa siku moja kwa basi kupitia Namanga, ilikuwa na moshi wake tarehe 25 Juni 2024 waandamanaji walipoingia bungeni. Wanajua Uganda ilizima intaneti kwenye uchaguzi wa Januari 2021 na ikazima tena Januari 2026. Ndiyo maana wanapima, hawakurupuki. Yule binti ameandika kwenye daftari safu mbili, na safu ya kubaki ina mistari mingi kuliko ile ya kuondoka. Nilipomwuliza mbona basi bado anapima, alisema mistari ya safu ya kuondoka ni michache lakini ni mizito.

Sasa nije kwa jambo linaloniudhi kuliko yote. Tukirudi kwenye mfano wa Mwalimu, tumtazame yule mtu amefika mbali, amepata chakula, amekaa huko miaka kumi, na ili asifukuzwe kazini amelazimika kuchukua uraia wa huko. Sasa anarudi kijijini na magunia. Sheria yetu ya Uraia ya mwaka 1995 haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Kwa hiyo anapofika langoni anaambiwa: wewe si wetu tena, panga foleni ya wageni. Tunamlaani kwa kutorudisha chakula, na lango tumelifunga kwa ndani. Tume ya Jaji Joseph Warioba ilizunguka nchi nzima kukusanya maoni ya Katiba mpya, na rasimu yake ya pili ikakabidhiwa mwishoni mwa mwaka 2013. Mpaka hivi niandikapo, Katiba tunayoitumia ni ile ya mwaka 1977.

Kikao cha kata kikiitishwa tena, nami nikipewa nafasi, sitaongea juu ya vijana hata kidogo. Nimeandika maswali mawili kwenye karatasi, na nimemwomba mwenyekiti wa mtaa yaingie kwenye muhtasari kwa maneno yaleyale. La kwanza: ni nani, kwa jina na cheo, aliyetia sahihi amri ya kuzima intaneti tarehe 29 Oktoba 2025, na chini ya kifungu gani cha sheria? La pili: mtu wa Singe aliyepoteza kazi kwa amri hiyo apeleke wapi madai yake? Mwenyekiti alisoma karatasi mara mbili, akaikunja, akaitia mfukoni, akasema atawasiliana na wakubwa kwanza. Mpaka leo sijajibiwa, na binti bado anahesabu.